TUJIFUNZE UFUNDI: Mzigo, Ekseli na Upepo wa Tairi

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya breki za baiskeli. Mwezi huu tutazungumza juu ya magari yanayobeba mazao yetu. Usiseme, "Mimi sina gari, habari hii hainihusu." Viazi vyako hupanda gari. Mahindi yako hupanda gari. Mtoto wako anayefanya kazi ya utingo hupanda gari. Gari likianguka, hasara huja mpaka nyumbani kwako.

Soma polepole. Pale penye hesabu, chukua kalamu na karatasi ufanye pamoja nami. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu.

AJALI KWENYE MTEREMKO

Katika kijiji kimoja cha milimani, mkoa wa Njombe, kipo kikundi cha wakulima wa viazi mviringo. Walichanga fedha kwa miaka kadhaa, wakanunua lori dogo. Lori hilo lina ekseli mbili. Mbele lina matairi mawili, nyuma lina matairi manne. Jumla ni matairi sita.

Siku moja walipakia magunia 40 ya viazi kwenda sokoni. Ndani ya kabini walikaa watu watatu. Utingo, kijana wa miaka 19, alikaa juu ya magunia. Dereva alizunguka gari. Aliyagonga matairi ya nje kwa chuma, akasikiliza mlio. Akasema, "Yako sawa. Twende."

Walipokuwa kwenye mteremko, tairi la nyuma upande wa kushoto lilipasuka. Kabla dereva hajasimamisha gari, tairi la pili la upande huohuo nalo lilipasuka. Gari lililala mtaroni. Magunia yalimwagika. Utingo alitupwa chini, akavunjika mguu katika sehemu mbili.

Kijana yule hakufa, lakini alilala hospitali majuma mengi. Viazi vingi viliharibika. Faida ya mwaka mzima ilikwisha kwa matengenezo ya gari na gharama za matibabu.

Kijijini maneno yakawa mengi. Wengine walisema dereva alilewa. Hakulewa. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Wengine walisema ni bahati mbaya tu. Mimi nilikwenda kuwapa pole, kwa kuwa mama wa kijana yule ni dada yangu. Nikawakuta wamekaa chini ya mti, hawazungumzi vizuri.

MAMA MHAZINI ASOMA KIBAO

Kikundi kilimwita fundi mzee kutoka mjini aje kulitazama gari. Alipofika, alisalimiwa kwa heshima, akapewa kiti. Hakukaa. Akauliza, "Nani hapa anaweza kunisomea kibao kilicho mlangoni? Macho yangu yamechoka."

Watu wakatazamana. Kumbe hakuna aliyewahi kukitazama kibao hicho tangu gari linunuliwe. Mhazini wa kikundi, mama wa miaka 54, alinyanyuka. Mama huyu alijifunza kusoma katika darasa la kisomo akiwa mtu mzima. Akafungua mlango, akafuta vumbi kwa khanga, akasoma namba moja moja kwa sauti:

"Uzito wa juu wa gari na mzigo, kilo 7,500. Ekseli ya mbele, kilo 2,800. Ekseli ya nyuma, kilo 5,300. Upepo wa matairi, mbele 80, nyuma 80."

Fundi akasema, "Ahsante, Mama Mhazini. Sasa tufanye hesabu. Mchawi wenu tutampata hapa."

HESABU YA FUNDI

Fundi aliokota kijiti, akaandika mchangani. Nami nikanakili kwenye daftari langu.

Kwanza, uzito wa gari tupu. Gari hilo lilikuwa na uzito wa kilo 3,300 likiwa tupu. Mbele kilo 1,900, nyuma kilo 1,400.

Pili, watu watatu wa kabini. Tuseme kilo 200. Kabini iko juu ya ekseli ya mbele, basi kilo hizo tuziweke mbele.

Tatu, mzigo. Dereva akasema, "Mzee, magunia 40 kwa kilo 100 ni kilo 4,000. Ukijumlisha na 3,300 na 200, unapata 7,500 kamili. Sikuzidisha hata kilo moja."

Fundi akacheka kidogo. Akasema, "Mwanangu, hesabu yako ni sahihi. Je, gunia lako lilikuwa sahihi?"

Magunia yalikuwa ya lumbesa. Ndugu msomaji, unaijua lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha hushonewa kilemba juu yake. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja, mkulima hutoa zaidi ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo, lakini bado linafanyika.

Magunia matatu yaliyopona yaliletwa mizanini. La kwanza lilikuwa na kilo 128. La pili kilo 131. La tatu kilo 131. Jumla kilo 390. Gawanya kwa tatu, unapata kilo 130 kwa kila gunia.

Basi magunia 40 kwa kilo 130 ni kilo 5,200. Ongeza gari tupu, kilo 3,300. Ongeza watu, kilo 200. Jumla ni kilo 8,700. Kibao kinasema 7,500. Gari lilizidiwa kwa kilo 1,200. Hapo bado hatujamhesabu utingo aliyekaa juu.

Watu wakanyamaza. Lumbesa ilikuwa imewaibia mara mbili. Mara ya kwanza iliwaibia katika bei. Mara ya pili iliwavunjia gari, na ikamvunja kijana mguu.

EKSELI NI NINI?

Ekseli ni chuma kilicholala chini ya gari toka upande mmoja hadi mwingine. Magurudumu hufungwa kwenye ncha zake. Mzigo wote wa gari hukaa juu ya ekseli. Ekseli huushusha kwenye matairi. Matairi huushusha barabarani.

Kwa hiyo haitoshi kujua uzito wa gari zima. Lazima ujue kila ekseli imebeba kiasi gani. Gari zima laweza kuwa na uzito halali, huku ekseli moja imezidiwa.

Fikiri watu wawili wanaobeba mzigo kwa mti begani. Mmoja yuko mbele, mwingine yuko nyuma. Kutoka bega hadi bega ni meta 3. Mzigo una kilo 60.

Ukiuning'iniza mzigo katikati, kila mmoja atabeba kilo 30.

Ukiusogeza nyuma, ukawa meta 1 kutoka kwa mtu wa nyuma, yeye atabeba kilo 40. Wa mbele atabeba kilo 20.

Sasa fanya jambo la tatu. Uning'inize mzigo nyuma kabisa, meta 1 kupita bega la mtu wa nyuma. Mtu wa nyuma atabeba kilo 80. Wa mbele hatabeba kitu, bali atavutwa juu kwa nguvu ya kilo 20.

Umeona? Mzigo ni kilo 60 tu, lakini mtu wa nyuma amebeba 80. Gari nalo ni hivyohivyo. Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma huzidisha uzito wa nyuma na kuinua mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari. Yakiwa mepesi mno, usukani unakuwa mwepesi na gari halikati kona vizuri. Kwenye utelezi ni hatari kubwa.

Fundi alipima lori lile kwa tepu. Aliona kwamba magunia yakipangwa sawasawa, katika kila kilo 100, kilo 85 huenda nyuma na kilo 15 huenda mbele. Basi katika kilo 5,200, nyuma zilikwenda 4,420, na mbele 780.

Ekseli ya nyuma: 1,400 na 4,420 ni kilo 5,820. Kibao kinasema 5,300. Imezidi kwa 520.

Ekseli ya mbele: 1,900 na 200 na 780 ni kilo 2,880. Kibao kinasema 2,800. Imezidi kwa 80.

Tazama jambo jingine. Ukijumlisha vipimo vya ekseli mbili vya kwenye kibao, 2,800 na 5,300, unapata 8,100. Lakini gari zima haliruhusiwi kupita 7,500. Watu wengi hukosea hapo. Hujumlisha vya ekseli wakadhani ndio uzito wa gari. Vipimo vyote vitatu lazima vitii, kila kimoja kwa nafasi yake.

TAIRI NALO LINA KIPIMO CHAKE

Ubavuni mwa tairi pana maandishi mengi. Lipo fumbo moja dogo la namba ambalo hueleza tairi laweza kubeba kilo ngapi. Kwenye matairi ya lori lile iliandikwa 121/120. Namba hizo si kilo. Ni namba za jedwali. Namba 121 maana yake ni kilo 1,450. Namba 120 maana yake ni kilo 1,400. Namba ya kwanza ni kwa tairi linalokaa peke yake, kama la mbele. Namba ya pili ni kwa matairi yanayokaa mawili mawili, kama ya nyuma.

Hizi hapa namba nyingine chache. Zinakili:

Namba 91 ni kilo 615.
Namba 100 ni kilo 800.
Namba 104 ni kilo 900.
Namba 112 ni kilo 1,120.
Namba 116 ni kilo 1,250.
Namba 121 ni kilo 1,450.

Matairi manne ya nyuma, kwa kilo 1,400 kila moja, ni kilo 5,600. Ekseli ilibeba 5,820. Hata matairi yenyewe yalizidiwa. Kila moja lilibeba karibu kilo 1,455.

Lakini fundi hakuishia hapo.

SIKIO SI GEJI

Fundi alitoa geji, yaani kipimo cha upepo. Alipima matairi ya upande wa kulia, ambayo hayakupasuka. La nje lilikuwa na 78. La ndani lilikuwa na 50. Kibao kinasema 80.

Akamwuliza dereva, "Tairi la ndani ulilipima lini?"

Dereva akainamisha kichwa. "Mzee, la ndani mdomo wake haufikiki kwa urahisi. Huwa nagonga la nje. Likilia vizuri, najua na la ndani lipo sawa."

Fundi akasema, "Sikio si geji, mwanangu. Na jicho si geji. Tairi la ndani likipungua upepo, la nje hulishikilia. Huwezi kuliona limelala."

Kisha akaeleza yaliyotokea upande wa kushoto. Lile la ndani lilikuwa limepungukiwa upepo. Tairi likipungukiwa upepo, ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Kunja waya mwembamba mara nyingi kwa haraka, kisha uguse pale unapokunja. Utaona una moto. Tairi nalo hupata moto hivyo. Ukiongeza mzigo, moto huongezeka. Ukiongeza mwendo, huongezeka tena. Mwisho mpira na nyuzi zake huachana, tairi hupasuka.

La ndani lilipopasuka, la nje likabaki peke yake. Likabeba mzigo wa matairi mawili, yaani karibu kilo 2,910. Lilitengenezwa libebe 1,400. Halikuweza. Nalo likapasuka.

Huyo ndiye mchawi aliyekuwa akitafutwa. Lumbesa, na tairi moja ambalo halikupimwa.

JINSI YA KUCHAGUA UPEPO

Ndugu msomaji, watu hubishana sana juu ya upepo. Mmoja husema jaza sana tairi liwe gumu. Mwingine husema punguza ili gari lisirushe. Usibishane. Fuata mambo haya.

1. Anza na kibao cha gari. Mara nyingi kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Huonyesha upepo wa mbele na wa nyuma. Mara nyingine hutofautiana.

2. Namba kubwa ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi si amri ya kujaza. Ni upepo wa tairi hilo linapobeba mzigo wake wa juu kabisa. Usiupite. Lakini usidhani kuwa ndio upepo wa kila gari.

3. Kama umebadilisha aina ya matairi, kibao peke yake hakitoshi. Pima uzito wa kila ekseli. Gawanya kwa idadi ya matairi ya ekseli hiyo. Kisha mwulize muuza matairi akuonyeshe jedwali la mtengenezaji. Jedwali hulinganisha kilo na upepo. Kama upande mmoja wa gari ni mzito kuliko mwingine, fuata upande mzito. Matairi yote ya ekseli moja yawe na upepo sawa.

4. Pima tairi likiwa baridi. Asubuhi kabla ya safari ndio wakati mzuri. Gari likitembea, upepo hupata joto na kupanda. Tairi la lori laweza kupanda kwa paundi 10 au zaidi. Usiutoe upepo huo njiani. Ukiutoa, tairi likipoa litakuwa na upungufu.

5. Tairi la lori lililotembea likiwa limepungukiwa sehemu moja ya tano ya upepo wake au zaidi, usiliongeze upepo tu na kuendelea. Sehemu moja ya tano ya 80 ni 16. Kwa hiyo chini ya 64, tairi liondolewe kwenye ringi, fundi alikague ndani. Nyuzi zake huenda zimekwisha kukatika. Tairi la namna hiyo laweza kupasuka wakati wa kujaza.

6. Unapojaza tairi la lori, simama pembeni, mbele ya kukanyagia kwake. Usisimame mbele ya ubavu. Usiinamie. Ringi zenye pete zimeua mafundi wengi. Pete ikifyatuka ina nguvu ya kukata. Tairi kama hilo lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu.

7. Upepo ukizidi nao ni hatari. Tairi hukanyaga kwa katikati tu. Hulika katikati, hushika barabara kidogo, na breki hukawia. Tairi likilika pembeni zote mbili, huwa lilipungukiwa upepo. Likilika katikati, lilijazwa mno. Tairi lenyewe hukuandikia barua. Isome.

Geji hutofautiana kwa vipimo. Zipo za paundi, zipo za bar, zipo za kilopaskali. Bar 1 ni paundi 14 na nusu. Bar 1 pia ni kilopaskali 100. Basi paundi 80 ni karibu bar 5 na nusu, au kilopaskali 550. Usichanganye.

TAIRI LINA UMRI

Kuna tairi lenye kashata nzuri lakini limezeeka. Mpira huzeeka kwa jua na kwa miaka, hata usipotembea. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, tafuta namba nne. Mbili za kwanza ni juma. Mbili za mwisho ni mwaka. Namba 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi husema tairi lisitumike kupita miaka 10 tangu litengenezwe. Ukinunua tairi la mtumba, soma namba hizo kabla hujatoa fedha.

BARABARA NAYO HUUMIA

Tangu tarehe 1 Machi 2019 Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. Gari lenye uzito wa kilo 3,500 au zaidi hupita mizanini. Ekseli ya usukani yenye matairi mawili isipite tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne isipite tani 10. Ekseli mbili za pamoja zenye matairi manane zisipite tani 18. Tatu za pamoja zenye matairi 12 zisipite tani 24. Gari zima lisipite tani 56.

Angalia hapa, ndugu msomaji. Dereva wetu alisema, "Mbona mizani ingeniruhusu? Ekseli yangu ya nyuma haikufika hata tani 6, na sheria inaruhusu tani 10." Kweli. Lakini tani 10 ni kipimo cha kuilinda barabara. Kibao cha mlangoni ni kipimo cha kulilinda gari na watu wake. Kati ya vipimo viwili, fuata kilicho kidogo.

Kwa nini barabara ilindwe? Kati ya miaka ya 1958 na 1960, wataalamu wa Marekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois. Malori yalizungushwa juu yake tena na tena, kisha uharibifu ukapimwa. Waliona kwamba ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, uharibifu hauzidi mara mbili. Huzidi karibu mara 16. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu huwa karibu mara mbili. Mashimo yale tunayoyalaumu kila masika, mengine tumeyachimba wenyewe kwa magunia.

SI SISI TU

Usidhani kosa hili ni la wanakijiji peke yao. Ulaya na Marekani kuna magari yenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Watu wenye nafasi husafiri nayo na kulala humo. Wengi wao hununua gari, hujaza vitu, hawapimi. Lita 1 ya maji ina kilo 1. Tangi la lita 100 ni gunia zima. Wakiweka tangi na baiskeli nyuma kabisa, ekseli ya nyuma huzidiwa, kama yule mbebaji wa nyuma. Na kwa kuwa magari hayo hukaa sana bila kutembea, matairi yake huzeeka kabla hayajalika. Fundi wa huko huwaambia maneno yaleyale: pima kila ekseli, kisha ndio uchague upepo.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Hawakumfukuza dereva. Walikubali kuwa kosa lilikuwa la wote. Waliopakia lumbesa ni wao. Waliokubali kijana akae juu ya mzigo ni wao.

Walinunua geji. Walifunga vali ndefu ili tairi la ndani lipimike kwa urahisi. Waliamua gunia lisipite kilo 100, na mnunuzi anayetaka lumbesa atafute kwingine. Mnunuzi mmoja aliondoka kwa hasira. Baada ya majuma mawili alirudi.

Sasa Mama Mhazini ana daftari la gari. Kila alfajiri ya safari huandika mambo matano: idadi ya magunia, kilo za magunia matatu yaliyopimwa, upepo wa matairi sita, upepo wa tairi la akiba, na majina ya waliomo kabini. Asipotia sahihi, ufunguo hautoki.

Siku moja nilikuwepo. Dereva alisema, "Mama, tumechelewa, leo tuache kupima." Mama Mhazini akamjibu, "Baba, soko litakuwapo kesho. Mguu wa mtoto wa watu hauoti tena." Dereva akachukua geji, akainama chini ya gari.

Mpwa wangu sasa anatembea, lakini huchechemea. Bado ni utingo wa gari lile. Hukaa kabini.

MANENO MAPYA

Ekseli: chuma kinachoshika magurudumu na kubeba mzigo wa gari.
Geji: kifaa cha kupimia upepo.
Ringi: duara la chuma linalovaa tairi.
Kashata: sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, yenye mifereji.
Lumbesa: gunia lililozidishwa kipimo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini dereva alidhani hakuzidisha mzigo?
2. Lori lile lingebeba magunia 30 ya kilo 130, mzigo ungekuwa kilo ngapi? Je, ekseli ya nyuma ingezidiwa?
3. Kwa nini tupime upepo tairi likiwa baridi?
4. Tairi limeandikwa 0815. Lilitengenezwa lini?
5. Katika kijiji chenu, ni nani anayesoma kibao cha gari kabla ya kupakia?

Majibu ya swali la pili na la nne tutayatoa mwezi ujao. Jaribuni kwanza, mkiwa wawili au watatu. Hilo la tano mlijibu wenyewe, mkiwa mmesimama mbele ya gari.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.